Mikono ya Kumbeba Hermine

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni, punguzeni moto chini ya sufuria. Kama mna kazi ya mikono magotini, msiiweke chini, maana tunayemkumbuka leo angewagombeza. Leo tunamkumbuka Hermine Briede wa kijiji cha Kalnziedi. Bibi Hermine, mfumaji. Amefariki mwezi huu wa Novemba, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na saba.

Wengi wenu mlimjua kwa glavu zake. Ni glavu zetu hizi hizi za sufu, gumba peke yake, na vidole vinne vimelala pamoja kama watoto kwenye kitanda kimoja. Hapa kwetu Kurzeme, magharibi mwa Latvia, nani hana jozi yake? Lakini mnajua pia kwamba sisi hatufumi kwa ajili ya baridi tu. Mtu akioa, glavu hutolewa. Mtoto akibatizwa, glavu hutolewa. Na mtu akifa, kila anayelibeba jeneza lake hupewa jozi. Huivaa, humbeba marehemu, kisha hurudi nayo nyumbani. Marehemu hawezi kusema asante, kwa hiyo huisema mapema, kwa sindano.

Hermine alianza kufuma asante yake alipostaafu. Kabla ya hapo alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye zizi la ushirika, mpaka ushirika ukafa na ng'ombe wakauzwa. "Mikono hii imeshika matiti ya ng'ombe maisha yake yote," alikuwa akisema. "Sasa na ishike kitu kisichopiga teke."

Na kweli uzee wake ulimkalia vizuri. Asubuhi anawasha jiko la kuni, anakata mkate mweusi, anapaka siagi, anaweka jibini lenye mbegu za kisibiti juu yake, kisha anakaa dirishani. Sindano zake tano zinaanza kugongana. Redio inaongea, na yeye anaijibu. Ndiyo, alikuwa akibishana na redio, na siku moja alipiga simu hapa studioni kutuambia kwamba mtangazaji wetu hajui tofauti ya sufu ya kondoo wa kienyeji na sufu ya dukani, afadhali atangaze hali ya hewa. Sufu alikuwa akiiosha mwenyewe kwa maji ya mvua. Rangi alikuwa akiipika mwenyewe, ya manjano kwa majani ya mti wa bechi wenye gome jeupe, ya kahawia kwa maganda ya vitunguu. Nyumba yake ilinuka kondoo, vitunguu na kahawa. Ukiingia, unasahau ulichofuata, unajikuta umeshikishwa fungu la uzi mikononi na yeye anavingirisha donge. Unatoka jua linazama.

Kupima mkono, Hermine hakutumia futi ya kushonea. Anakushika mkono kama anakusalimia. Anauweka juu ya kiganja chake, anaukunja, anaukunjua, kisha anauachia taratibu. Basi. Amekwisha kujua upana wako, urefu wako, na mahali gumba lako linapoanzia. Na wewe umekwisha kujua umechaguliwa. Utambeba Hermine.

Ilikuwa heshima, wasikilizaji wapendwa. Wanaume wa Kalnziedi walijivunia. Ojars, fundi wa paa, alipopimwa mbele ya watu alisema, "Hermine, yaani uzeeni ndiyo unanichumbia?"

"Ningetaka kukuchumbia ningepima kichwa kwanza," akamjibu. "Nione kama kuna kitu ndani."

Wabebaji ni sita. Hermine alipima sita, akafuma jozi sita, akazikunja ndani ya kasha la nguo chini ya shuka za kitani. Akatulia.

Mtauliza, kwa nini mtu mwenye afya yake awaze jeneza? Mwanawe Guntis, anayeishi Ayalandi, ametusimulia. Mwaka 1949, Hermine alipokuwa na miaka kumi na miwili, yeye na mama yake walichukuliwa na askari wa Kisovieti kutoka hapa hapa Kalnziedi, wakapakiwa kwenye behewa la mifugo, wakapelekwa Siberia. Huko ndiko mama alikomfundisha kufuma. Hawakuwa na uzi. Walifumua sweta ya mama, wakafuma glavu za mtoto. Majira ya baridi ya tatu mama akafa. Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, na watu wenye nguvu walikuwa msituni wakikata magogo. Mwili ulifungwa kwenye kigari cha theluji. Hermine akaishika kamba, yeye na mwanamke mmoja wa Kiestonia ambaye hawakuelewana naye hata lugha, wakamvuta mama mpaka shimoni.

"Mama alikuwa anasema jambo hilo kwa sentensi moja tu," Guntis anasema. "'Mama yangu hakubebwa, alivutwa.' Anarudi kwenye kufuma."

Kwa hiyo, wapendwa, shikeni hilo. Hermine hakuogopa kufa. Alichotaka ni kubebwa na mikono ya watu anaowajua, iliyo ndani ya glavu alizofuma yeye. Hakutaka kuvutwa.

Sasa sikilizeni lililompata. Alipimwa Fricis mfuga nyuki, na Fricis akafa kabla ya Hermine. Hermine akaenda msibani na jozi yake, akamvika mwenyewe ndani ya jeneza. "Haya Fricis, umenikimbia," akamwambia. "Zivae huko huko." Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Baadaye akafa Zanis wa kinu. Naye akavikwa. Akafa Ojars, yule wa kuchumbiwa. Hermine akapima wengine. Nao wakaanza kwenda, mmoja kwa moyo, mwingine kwa ini, na mmoja alianguka kutoka juu ya mti wa matufaha akiwa na miaka themanini na tatu, mti ambao mke wake alikuwa amemkataza kuupanda.

Walikuwa wazee. Wazee hufa. Na vijana wao walikwenda Ayalandi na Uingereza, wakaacha kijiji kina madirisha mengi kuliko watu. Hermine naye alizidi kuishi, hakuna la ajabu hapo. Lakini kijiji hakitaki hesabu kama hiyo. Kijiji kinataka hadithi.

Hadithi ikatoka dukani. Aliyeitoa ni Ansis, dereva wa trekta, mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwili kama mlango wa ghala na mdomo usio na komeo. Alisema kwa mzaha, akiwa na chupa ya bia mkononi, "Nyie, mwenye kupimwa na Hermine hamalizi viazi alivyoweka ghalani!" Dukani kote wakacheka. Ansis mwenyewe amekiri alicheka kuliko wote. Alipofika nyumbani, hakuona tena cha kuchekesha.

Mzaha ukawa habari, habari ikawa woga. Mwezi wa Agosti ikafika sikukuu ya makaburi. Mnajua siku hiyo ilivyo, walioko nje wanarudi, mchanga unachorwa mistari kwa reki, maua yanajaa, mchungaji anahubiri kwa muda mrefu na watu wanasalimiana katikati ya misalaba. Hermine alihitaji wabebaji wapya. Akamwona Ansis amevaa suti yake ya kanisani. Akamwendea, akamnyooshea mkono.

Ansis akatia mikono yote miwili mfukoni.

"Habari za asubuhi, mama Hermine. Samahani, mikono yangu ina mafuta ya trekta."

Mafuta ya trekta, kwenye suti ya kanisani! Hermine akamgeukia aliyefuata. Huyo akakumbuka ghafla kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Wa tatu akanyakua reki, akaanza kuchana mchanga uliokwisha kuchanwa.

Guntis alikuwepo, amekuja likizo. "Nilimwona mama yangu amebaki na mkono hewani," anasema. "Halafu akaupunga kidogo, kama anafukuza nzi. Hapakuwa na nzi. Moyo wangu uliuma, nisiwadanganye."

Jioni mwana akamwambia, "Mama, kwani lazima watu? Siku hizi kuna kampuni. Wanakuja na gari na kitoroli cha magurudumu, wanasukuma taratibu mpaka kaburini."

"Kitoroli!" Hermine akasema. "Mimi gunia la viazi?"

"Basi nitakubeba mimi."

"Ndugu wa damu habebi jeneza, unajua vizuri. Na hata ungebeba, ungenitia begani kama kabati?"

Guntis akacheka. Mama hakucheka. Alikunja uzi uliokuwa mezani, akachomeka sindano zote tano ndani ya donge, akalitia kashani. Kasha likafungwa. Bibi Hermine, mfumaji, akaacha kufuma.

Majira ya baridi yale alikaa dirishani na mikono mitupu. Redio aliizima. Watu waliopita barabarani walimwona, wakainamisha vichwa, wakaharakisha. Tunasema ukweli hapa: kilikuwa kitu cha kuaibisha. Mwanamke aliyekivika kijiji kizima aliachwa na baridi ya watu.

Sasa aingie Alvina. Alvina Liepa, mtunza maktaba mstaafu, miaka sabini na tisa, rafiki wa Hermine na mshindani wake. Wawili hawa walibishana miaka arobaini kuhusu pindo la glavu, liwe na matamvua au liwe na meno. Kila Alhamisi wanawake wa Kalnziedi hukutana maktaba kufuma, na kiti cha Hermine kilikuwa kitupu tangu vuli. Mwezi wa Februari Alvina akachoka. Akaoka mikate ya karoti, akavaa viatu vya mpira, akaenda.

"Unaumwa?" akauliza mlangoni.

"Siumwi."

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi huna sababu." Akaingia, akaweka sahani mezani, akavua glavu zake mwenyewe, akaubwaga mkono wake juu ya kitambaa cha meza. "Nipime."

Hermine akautazama ule mkono. "Acha upuuzi. Mwanamke habebi jeneza."

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Siku zote wanaume walikuwepo," Alvina akasema. "Sasa wako wapi? Nusu wako mchangani, nusu wako Dublin, na waliobaki wana mafuta ya trekta."

Hermine akataka kucheka, akajizuia. "Na ukifa kabla yangu?"

"Nitakufa kwa sababu nimezeeka na moyo wangu unaruka kama chura kwenye ndoo. Glavu hazihusiki. Shika mkono huu, mikate inapoa."

Hermine akaushika. Alvina anasema alikaa nao muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima glavu. Kisha akasema, "Vidole vyako vifupi. Nilijua tangu zamani, ndiyo maana pindo lako baya." Alvina akajua rafiki yake amerudi.

Alhamisi iliyofuata Hermine aliingia maktaba na kikapu. Wanawake walikuwa wameketi kuizunguka meza. Hakuna aliyehutubia. Mmoja aliweka mkono mezani, kiganja juu. Mwingine akaweka wake. Ilikuwa mikono ya wazee, mmoja viungo vimevimba, mmoja kidole cha shahada kimekatika kwenye mashine ya kukata majani, mmoja unatetemeka. Hermine akaipitia yote, akifumba macho. Akapata sita, Alvina akiwa mmoja wao.

Sauti ya sindano ikarudi dirishani. Redio ikawashwa, na siku ile ile tukapata simu yake kwamba tumetamka vibaya jina la kijiji. Kwa mwenye viungo vilivyovimba alifuma glavu pana katikati, zisimbane. Kwa aliyekatika kidole alipunguza upande mmoja, usibaki mfuko mtupu unaoning'inia. Glavu za Alvina alizitia pindo la meno, lile ambalo Hermine mwenyewe alilipinga miaka arobaini. Alvina alipoziona, alikwenda kusimama upande wa rafu za vitabu.

Lakini Hermine alikuwa na wasiwasi mwingine. "Mtaniangusha," akawaambia. "Nawajua. Mmoja atataka kupiga chafya, wote mtaachia."

Basi, wasikilizaji wapendwa, wakafanya mazoezi. Ilikuwa Mei, miti imechanua. Walitoa benchi la maktaba uani. Kwanza wakaweka magunia ya viazi. Hermine akatazama, akatikisa kichwa. "Viazi havilalamiki. Hamtajifunza." Akayashusha magunia, akakaa mwenyewe juu ya benchi, mkoba magotini. "Haya. Inueni."

Wakamwinua. Wanawake sita, glavu mikononi kwenye jua la Mei, wakamzungusha ua mzima. Na yeye juu anatoa amri, "Kushoto mnainama! Alvina, unalala? Polepole kwenye kona, mnanimwaga!" Walicheka mpaka wakalazimika kumshusha wapumue, wakamwinua tena. Mzunguko wa pili Hermine alikuwa analia. "Endeleeni," akasema. "Msisimame. Endeleeni kidogo tu."

Trekta ikapunguza mwendo barabarani. Ansis akachungulia juu ya uzio.

"Mnampeleka wapi huyo?"

"Tunafanya mazoezi," Alvina akamjibu. "Wanaume wa hapa mikono yao michafu."

Ansis alikaa kwenye trekta, injini ikinguruma, akitazama mpaka wakamaliza.

Bibi Hermine aliishi majira mengine ya joto. Alifuma bila kumpima mtu, kwa raha yake, soksi za watoto wasiojulikana, kofia ya chupa ya chai, hata sweta ya mbwa wa posta. Asubuhi moja ya Jumapili, Novemba hii, hakuwasha jiko. Alvina aliona dohani haitoi moshi, akajua.

Jozi sita zilikuwa kashani. Njia ilitandikwa matawi ya misonobari. Mvua ilikuwa imenyesha, na mlima wa makaburini mnaujua ulivyo, udongo unateleza kama sabuni. Wanawake sita wakavaa glavu, wakainua. Walikwenda hatua chache, wakashusha juu ya vigoda, wakapumua, wakainua tena. Nyuma yao kijiji kizima. Nyuma yao wanaume.

Katikati ya mlima Alvina aliishiwa pumzi. Midomo ilikuwa ya buluu. Hakutaka kuachia. Jeneza likayumba upande wake, na watu wote wakashika vinywa. Hapo Ansis akatoka kwenye kundi.

"Mama Alvina, nipishe."

"Huna glavu."

"Najua."

"Hukupimwa."

"Najua. Nipishe hivyo hivyo."

Alvina hakumpisha. Alisogea kidogo tu. Ansis akaingiza mkono wake mtupu chini ya ubao, kando ya glavu yenye pindo la meno, na mzigo ukasimama sawa. Sote tunajua watu wanavyosema, kwamba anayeligusa jeneza kwa mkono mtupu humfuata marehemu. Na yeye alijua kuliko wote, maana ndiye mwoga kuliko wote. Mkono wake ulikuwa mwekundu kwa baridi, na alilia waziwazi, mwanamume mkubwa vile. Wanaume wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mikono mitupu. Hivyo ndivyo Hermine Briede alivyofika juu. Alibebwa. Guntis alikuwa akilirudia neno hilo hilo kwa kila aliyempa mkono: "Amebebwa. Mama amebebwa."

Kwa Guntis na jamaa yake, kwa Alvina na wenzake wa Alhamisi, na kwa Kalnziedi nzima, sisi hapa redioni tunasema poleni sana. Mchanga wa kwetu umkae mwepesi. Nanyi mnaosikiliza, yuko mzee karibu nanyi mwenye kazi ya mikono isiyo na wa kumpa. Nendeni mkae naye. Mshikilieni uzi. Na mjiulize, kwa nini tunawaogopa watu wanaojiandaa kwa utulivu, badala ya kukaa nao na kujiandaa pamoja?

Nauliza kwa sababu ya jambo lililotokea mezani, baada ya mazishi. Njegere za kijivu, chakula chetu cha msibani, zilikuwa zimekwisha kupakuliwa, watu wanaanza kuzungumza kwa sauti. Ansis akavuta kiti, akakaa mbele ya Alvina, akaweka mkono wake mkubwa juu ya meza, kiganja juu.

"Nipime," akasema.

Alvina akamtazama. "Nikupime kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mama."

"Mimi bado nipo nipo sana, Ansis."

"Ndiyo," akasema Ansis. Mkono haukuondoka mezani. "Basi fuma polepole."